Chuo kimenifungia akaunti, GI Bill bado haijaingia

Kutoka: Mama Baraka, Dallas

Wapendwa, hamjambo. Nimetoka Army mwaka jana, honorable (kwa heshima), na COE yangu, cheti cha haki ya GI Bill (pesa za serikali ya Marekani za kuwasomesha waliotumikia jeshi), inasema asilimia 100, miezi 36. Nimeanza uuguzi kwenye chuo kimoja cha umma hapa. COE, DD-214 (hati ya kuachishwa jeshi) na JST (rekodi ya mafunzo ya jeshini) nilivipeleka kabla muhula haujaanza, na barua pepe ya kuvipokea ninayo. Leo asubuhi nimetoka zamu ya usiku, nafungua mfumo wa chuo ili nipakie kazi ya fiziolojia, nakuta akaunti imefungwa. Eti karo haijalipwa. Maktaba wamekataa kuniazima kitabu, na juu ya hayo kuna faini ya kuchelewa.

Ofisi ya karo wananituma kwa SCO, mtu wa chuo anayeshughulikia GI Bill. SCO anasema 22-1999 yangu, fomu ya kuthibitisha usajili, haijatumwa kwa sababu JST haijapitiwa. Msajili anasema JST si kazi yake, niende idarani. Idarani mlango umefungwa. MHA, posho ya nyumba ya kila mwezi, haijaingia na mwenye nyumba hasubiri.

Swali langu ni moja. Kemia, krediti nne, imenilemea na hizi zamu. Nikiiacha sasa, wakati 22-1999 haijatumwa, deni litaenda DMC (ofisi inayokusanya madeni ya GI Bill) au haliendi? Mwisho wa kuacha darasa bila W (alama ya kujiondoa) ni Ijumaa. Anayejua naomba anijibu.

Kutoka: Baba Zawadi, Minneapolis

Pole sana mdogo wangu. Kwanza usipoteze muda kuwapigia VA, idara ya serikali ya maveterani. Hawalipi hata senti mpaka chuo kitume 22-1999, na anayeituma ni SCO. Nilipotoka Navy nilisoma chuo ambacho SCO alikuwa mtu mmoja, tena kazi hiyo amebandikwa juu ya kazi zake za msaada wa fedha. Akiugua, maveterani wote tunakaa bila kodi ya nyumba. Mtu mmoja, dawati moja, na familia ngapi zinamngoja!

Mwambie athibitishe krediti sasa na karo aweke sifuri. Vyuo vingi hufanya hivyo: krediti zinakwenda kwanza ili MHA ianze kutembea, karo inarekebishwa baada ya kipindi cha kuongeza na kuacha madarasa kupita. Kupitia JST ni wajibu wa chuo, lakini hakumzuii mwanafunzi kuthibitishwa muhula wake wa kwanza. Yote hayo mwandikie, usimpigie. Simu haina ushahidi.

Halafu usihofu kuhusu Desemba, MHA inaendelea wakati wa likizo. Mimi nililipwa.

Kutoka: Sajini Mstaafu, Tacoma

Baba Zawadi, hilo la mwisho si kweli na litamfanya dada ashindwe kulipa kodi Januari. Malipo ya likizo kati ya mihula yalifutwa 2011. Muhula ukiisha tarehe 12, unalipwa siku 12 basi. Aanze kuweka akiba leo.

Pia hakuna aliyemwambia kwamba MHA hulipwa mwezi ukishaisha, si mwanzoni. Na kila mwisho wa mwezi utapata ujumbe kwenye simu kuuliza kama bado umesajiliwa. Jibu NDIYO siku hiyo hiyo. Miezi miwili mfululizo bila jibu, MHA inasimamishwa. Nimeona vijana wanadhani ni utapeli, wanaufuta.

Kuhusu akaunti, sheria iko upande wako kabisa. Veterans Benefits and Transition Act ya 2018, kifungu cha 103: ukishaleta COE, chuo hakiruhusiwi kukunyima darasa wala maktaba, hakiruhusiwi kukutoza faini wala kukulazimisha ukope, kwa sababu tu pesa za VA zimechelewa. Wanatakiwa wangoje hadi siku 90 tangu wathibitishe karo. Andika barua ya mistari mitano, taja kifungu hicho, ambatisha COE na ile barua pepe ya kupokea. Peleka ofisi ya karo, nakala kwa SCO, nakala kwa mkuu wa wanafunzi. Usilie kaunta, wape karatasi.

Kutoka: Baba Zawadi, Minneapolis

Afande, nimesema nililipwa kwa sababu nililipwa. Nilisoma 2010. Kama sheria ilibadilika, sema ilibadilika, usiniite mwongo mbele za watu.

Kutoka: Sajini Mstaafu, Tacoma

Sikukuita mwongo. Dada anasoma mwaka huu, ndiyo maana nimesema ya mwaka huu.

Nirudi kwenye kemia. Kwa kawaida, ukiacha darasa baada ya kipindi cha kuongeza na kuacha, VA wanarudi mpaka siku ya kwanza ya muhula na kukudai, ila ukiwa na sababu wanayoikubali. Mara ya kwanza wanakubali bila kuuliza sababu, mpaka krediti 6. Hapo wanakulipa hadi siku uliyoacha, kinachofuata baada ya siku hiyo ndicho deni. Na kama una krediti 12, ukitoa 4 unabaki na 8. Hiyo ni theluthi mbili, MHA inashuka hadi asilimia 70. Usishuke kamwe hadi nusu, kwa sababu nusu kamili MHA ni sifuri. Lazima izidi nusu.

Kutoka: Shangazi Rehema, Columbus

Asalaam aleikum. Nami nidandie hapa hapa. Mwanangu yuko National Guard, jeshi la akiba la jimbo, mwaka wa tano. Alipelekwa Djibouti miezi tisa akarudi salama, alhamdulillahi. Sasa anataka kuacha kazi ya ghala arudi chuo. Mtu wa kanisani kwa jirani yangu amemwambia wikendi zote za mazoezi kwa miaka mitano zinajumlishwa, kwa hiyo ana asilimia 100. Ni kweli? Ameshaandika barua ya kuacha kazi.

Kutoka: Sajini Mstaafu, Tacoma

Shangazi, shikamoo. Mwambie barua hiyo asiipeleke kwanza. Wikendi za mazoezi hazihesabiwi. Kuitwa na gavana kwa mafuriko, kwa malipo ya jimbo, hakuhesabiwi. Kinachohesabiwa ni kuitwa na serikali kuu, kama Djibouti. Atafute DD-214 ya safari ile, asome kisanduku 12c, ndipo huduma yake imeandikwa. Kuanzia miezi 6 hadi chini ya 18 ni asilimia 60. Maana yake asilimia 60 ya karo na asilimia 60 ya MHA, iliyobaki ajazie mwenyewe. Aulize pia Chapter 1606, ile ya Reserve na Guard, na msaada wa karo wa jimbo lake. Huwezi kula Chapter 33 (GI Bill hii tunayoizungumzia) na 1606 kwa mwezi mmoja, achague ipi ianze.

Kutoka: Mwana wa MAVNI, Seattle

Ndugu zangu, fomu ni muhimu lakini naomba tuseme na lingine. Mimi niliingia kwa MAVNI, mpango ule uliochukua watu wa visa wenye lugha ama taaluma ya tiba. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Ulisimamishwa 2016 na wenzangu wengine walibaki wananing'inia miaka wakisubiri uchunguzi, visa zimekwisha, hawapo jeshini wala hawapo nje. Mimi niliwahi, nikapata uraia nikiwa mafunzoni.

Chuoni karo ililipwa vizuri. Kilichonishinda ni kukaa. Ukumbi wa watu mia tatu, mlango mmoja nyuma, nami lazima nikae kiti cha mwisho mgongo ukiwa ukutani, la sivyo sisikii anachosema mwalimu. Siku moja mtu aliangusha zile meza za kukunja, nikajikuta nimesimama kwenye korido na begi langu limebaki ndani. Mwalimu akaandika sikuhudhuria. Wanafunzi wenzangu wana miaka 19. Tukiwa kwenye kazi ya kikundi mmoja akaniuliza kama nimewahi kuua mtu, huku anakula chipsi. Hakuwa na ubaya. Lakini sikurudi kwenye kikundi kile.

Kilichonisaidia ni askari mwenzangu, mama wa Kimarekani aliyekuwa anafanya work-study ya VA (kazi ya malipo kwa mwanafunzi) kwenye ofisi ya maveterani. Alinishika mkono mpaka ofisi ya ulemavu ya chuo, wakatoa barua: kiti karibu na mlango, ruhusa ya kutoka bila kuulizwa, chumba tulivu cha mtihani. Walimu waliipokea bila neno. Barua hiyo haisemi una ugonjwa gani. Na Vet Center kuna ushauri wa bure kwa waliokwenda vitani, na faili zao hazichanganywi na za hospitali. Wanaume wa kwetu mnaosoma hapa kimya kimya, nendeni.

Dada Mama Baraka, kama umepewa rating ya ulemavu ya kuanzia asilimia 10, ulizia Chapter 31 (mpango wa VA kwa wenye ulemavu wa jeshini), VR&E. Kule unapata mshauri wako, vitabu na vifaa.

Kutoka: Mzee wa Atlanta

Nimesoma yote na nimeguswa na huyu kijana wa Seattle. Pole mwanangu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), akapelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika, matope hadi magotini na malaria. Mwaka huo huo, tarehe 22 Juni, Roosevelt alitia saini GI Bill ya kwanza. Askari wa huku akarudi akasoma, akanunua nyumba, ingawa Weusi wa Kusini walizungushwa mpaka wengi wakaikosa. Babu alirudi na koti la jeshi na kiinua mgongo kilichopangwa kwa rangi ya ngozi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kusoma. Alikuwa anajua kuendesha lori la tani tatu na kusoma ramani, akaishia kulinda lango la mzungu. Ndiyo maana nikiona mtoto wetu ana miezi 36 ya kusoma mkononi halafu karani wa chuo anamzungusha, moyo unaniuma. Na serikali zetu huko nyumbani zina mpango gani na askari wanaorudi kutoka Somalia na Kongo?

Kutoka: Shangazi Rehema, Columbus

Mzee, serikali zetu tuziache tu. Mwanangu alipoapa kuwa raia wa huku, uraia wa Tanzania ulikwisha. Kwenda kumzika bibi yake aliomba visa kama mtalii. Ninyi Wakenya katiba ya 2010 imewalinda, hamjui uchungu huu.

Kutoka: Baba Zawadi, Minneapolis

Shangazi, tunaujua. Wengi wetu tuliapa kabla ya 2010 na ikabidi tuombe upya uraia wetu wa kuzaliwa, kwa fomu, na kulipia.

Kutoka: Msimamizi wa listi

Wapendwa, suala la uraia lina mjadala wake tangu wiki jana, tafadhali hamieni huko. Hapa kuna mtu ana Ijumaa.

Kutoka: Mama Baraka, Dallas

Asanteni kwa kila neno. Afande, barua niliiandika kama ulivyosema, kifungu 103 nikakiweka mstari wa kwanza. Ofisi ya karo hawakunijibu, lakini mkuu wa wanafunzi alijibu kabla ya saa sita, na jioni akaunti ikafunguliwa. Faini wameifuta. SCO amekubali kutuma krediti kwa karo sifuri, ila amesema atatuma akishapata orodha ya mwisho ya madarasa yangu, yaani ananisubiri mimi niamue kemia.

JST wameipitia. Miaka yangu yote jeshini imezaa krediti za mazoezi ya viungo. Kozi ya huduma ya kwanza ya askari haikupewa kitu kwenye uuguzi. Nimeomba mkuu wa idara aiangalie upya.

Hamjaniambia bado: nikiacha kemia kabla hajatuma, VA watakuwa hawajawahi kuiona. Kuna deni hapo au hakuna?

Kutoka: Baba Zawadi, Minneapolis

Mimi ningeibakiza. Kemia ukiiacha itakungoja mwakani na uuguzi hauendi bila hiyo. Tafuta mwalimu wa ziada, VA wana pesa za hiyo.

Kutoka: Sajini Mstaafu, Tacoma

Pesa za mwalimu wa ziada zipo lakini zina masharti, na mwalimu wa kozi lazima aandike kwamba unahitaji. Usimpe nusu habari.

Kutoka: Mwana wa MAVNI, Seattle

Dada, kemia niliipita kwa taabu na bado nina madaftari. Nitumie anwani yako faraghani nikuskanie. Jumamosi usiku niko huru, tunaweza kukaa kwenye video tukapitia stoikiometria pamoja.

Kutoka: Shangazi Rehema, Columbus

Afande, mwanangu amepata DD-214 lakini ni ile fupi, haina kisanduku 24. Wanataka ile inayoonyesha aina ya kuachishwa. Anaomba wapi, kwa Guard au ofisi ya kumbukumbu za jeshi ya St. Louis?