Mgombea akisema ukosefu wa ajira umeshuka, nimuulize nini?

Mpigakura: Wakuu, nafuatilia midahalo ya wagombea. Mmoja anasema ukosefu wa ajira umeshuka, mwenzake anasema vijana wako mitaani, na wote wanadai wametoa namba ofisi moja ya takwimu. Mtu asiye msomi wa hesabu atajuaje nani anapotosha? Inaniuma, maana kura yangu inategemea namba hizo.

Mdadisi wa kaya: Ndugu, nimezunguka na madodoso ya tafiti za ajira, hili nalijua. Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya wiki inayoulizwa anahesabiwa ana ajira. Na ili uitwe huna ajira, lazima uwe unaitafuta na uko tayari kuianza. Kijana aliyekata tamaa akaacha kutafuta anatoka kwenye hesabu kabisa. Wakiacha wengi, asilimia inashuka bila ajira hata moja kuongezeka! Kigezo chenyewe sikilaumu, kinawezesha kulinganisha nchi na nchi. Namlaumu anayesoma mstari mmoja wa jedwali na kuruka unaofuata. Muulize: kati ya watu wote wenye umri wa kufanya kazi, walio kazini ni asilimia ngapi, na wangapi wanapata saa chache kuliko wanazotaka?

Msomaji wa bajeti: Naongeza la Uingereza, kura ya maoni ya 2016. Basi la kampeni ya kujitoa Umoja wa Ulaya liliandikwa kuwa nchi inapeleka huko pauni milioni 350 kwa wiki. Lakini Uingereza ilikuwa na punguzo lake, linakatwa kabla pesa haijatoka. Zilizokwenda zilikaribia milioni 250, na sehemu yake ilirudi kwa wakulima na mikoa. Mamlaka ya takwimu ililalamika kampeni ikiendelea. Septemba 2017 mwenyekiti wake alimwandikia Boris Johnson, kinara wa kampeni hiyo aliyeirudia namba ile, kwamba anatumia vibaya takwimu rasmi. Kura ilishapigwa.

Mwalimu wa hesabu: Uliza pia "kutoka ngapi?" 100 ikishuka kwa asilimia 50 inabaki 50. Ikipanda kwa asilimia 50 inafika 75 tu. Aliye madarakani atakutajia kule kupanda.

Mpigakura: Asanteni sana. Hiyo ya walio kazini naipata wapi?

Mdadisi wa kaya: Ripoti ya utafiti wa nguvukazi, majedwali ya nyuma. Anza na maelezo ya vigezo, kisha linganisha miaka iliyotumia vigezo vilevile.