Naomba ushauri: kupata Mambo Leo ya zamani kwa ajili ya tasnifu

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili wa uzamili, chuo cha mkoani, tasnifu yangu inahusu mashairi ya wasomaji katika Mambo Leo, lile gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza 1923. Nahitaji matoleo ya miaka kumi ya mwanzo.

Maktaba ya chuo chetu haina hata nakala moja. Makala za kitaaluma nako ni shida: hifadhidata zinafunguka ukiwa kwenye mtandao wa chuo tu, na mimi nafundisha sekondari, hufika chuoni mara moja kwa mwezi. Nimefungua akaunti ya bure ya JSTOR (hifadhidata ya makala za kitaaluma mtandaoni), unasoma makala 100 kwa mwezi bila kulipa (kupakua ndiyo hairuhusiwi). Imenisaidia sana kwenye mapitio ya maandiko, ila gazeti lenyewe bado. Mkutubi wetu, mtu muungwana kweli, alinishauri nijaribu kitengo cha East Africana (mkusanyiko maalumu wa machapisho kuhusu Afrika Mashariki) pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nauli na malazi si mchezo, sitaki kufika halafu nirudishwe getini.

Kwa aliyewahi kutumia kitengo hicho akitokea chuo kingine: barua ya utambulisho kutoka kwa msimamizi inatosha, au kuna kibali na ada? Na je, wanaruhusu kupiga picha kurasa kwa simu, au nijipange kunakili kwa mkono?

Natanguliza shukrani.