Tupeane uzoefu: Albamu ya pili ya Queen ulikutana nayo wapi?

Mleta uzi:
Wakuu habari za jioni. Kila uzi wa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, humu unaishia pale pale, tunabishana kuhusu kuzaliwa Zanzibar halafu mtu anatupia Bohemian Rhapsody, ile ndefu ya opera, basi. Leo naomba tuongelee Queen II tu, ile ya Machi 1974, kipindi bado hawajawa majina makubwa na wanapiga progresivu roki haswa, wimbo mmoja unabadilika mdundo mara kibao njiani, majitu yanapigana, kuna malkia mweupe na malkia mweusi. Hata sahani yenyewe haina upande A na B, ina upande mweupe na upande mweusi. Mweupe karibu wote katunga mpiga gitaa Brian May, kimoja tu ndo cha mpiga drams Roger Taylor, mweusi wote ni Freddie.

Naanza mimi. 2004 niko Mwanza nikanunua CD ya mtumba kwa jamaa mmoja anapanga chini kwenye turubai. Nyimbo tano zikaenda freshi, ya sita ikaanza kutoa mlio siuelewi, gitaa kama linanyonywa kwenda ndani, maji ya sinki yanapoisha yanalia vile. Nikajua nimepigwa. Nikairudisha, jamaa akaipulizia pumzi, akaifuta na shati lake, akaweka tena, mlio ule ule, akanipa CD ya bolingo tukaachana kwa amani. Kumbe huo wa sita, Ogre Battle, ndivyo unavyoanza! Walichukua mwisho wa wimbo wakaugeuza tepu kinyumenyume wakauweka mwanzo. Nimekuja kujua 2013. Miaka tisa wakuu.

Tiririkeni.

Mtembeza wageni, Unguja:
Hahaa mkuu ulirudisha mali. Mie n'natembeza wageni Mji Mkongwe, nyumba ya Freddie ya Shangani napita nao kila siku, na tangu wafungue makumbusho yake 2019 ndo hawaishi. Sasa kuna huu wimbo wa mwisho wa albamu hiyo, Seven Seas of Rhye, wageni walikuwa wakiniuliza hizo bahari saba ndo hii hapa? Nami nasema ndiyo, ndo hii, nanyoosha mkono Forodhani, wanapiga picha, bakhshishi inatoka. Wallahi nimesema hivyo misimu mitatu bila kuusikia huo wimbo.

Siku moja bi mkubwa mmoja wa Kiingereza akacheka, akanichomeka spika yake ya sikio moja tukakaa barazani. Nasikia piano inakimbia, makelele, halafu mwishoni watu wanaimba kama walevi, wimbo wa zamani wa Waingereza wa kwenda kupunga upepo pwani. Akanambia Rhye ni nchi ya kubuni tu ya Freddie mwenyewe, haipo kwenye ramani. Niliona haya. Tangu siku ile nasema kazaliwa hapa 1946, akapelekwa skuli India bado mdogo, 1964 wakahamia Uingereza, basi, Forodhani siitaji.

Fundi sauti, Nairobi:
Wasee mimi niliipata kupitia kazi. Narekodi kwaya za kanisa, kwaya ya watu arobaini, na bado sauti inatoka nyembamba kama uji wa mgonjwa. Boss mmoja akaniambia sikiza The March of the Black Queen, ya ule upande mweusi, kwa hedifoni ukimaliza unipigie. Manze. Hiyo kwaya yote unayoisikia ni watu watatu, Freddie, Brian na Roger, wanaimba pamoja, wanarudia juu yake, wanarudia tena, na studio ya Trident hapo London walikuwa na tepu ya traki 16 pekee, yaani njia 16 za kurekodia, so zikijaa unazikusanya kwenye moja ama mbili ndio upate nafasi ingine, na kila ukikusanya huwezi tena kurudi kurekebisha. Mimi nina kompyuta iko na traki hazihesabiki na bado naharibu.

Na wakaandika kwa kava kwamba hakuna mtu amepiga sinthesaiza. Yaani mingi ya ile milio ya ajabu ni gitaa. Juzi nilichukua waimbaji watatu tu, tukarudia verse moja mara nane, kila mara nawasongesha hatua moja mbali na maiki. Mwalimu wa kwaya alifikiri nimeongeza watu.

Nesi, London:
Mimi nilikuwa sijui lolote, nilikuwa na ofu nikaingia Tate Britain, jumba la sanaa, kukwepa mvua. Kuna mchoro pale wa Richard Dadd, ndo Freddie alioutungia The Fairy Feller's Master-Stroke ya albamu hii. Jamani ni kadogo! Nilitegemea ukuta mzima, kumbe ungeweza kuutia kwenye mfuko wa shopping. Ila umejaa vijitu, nyasi zinapita mbele ya nyuso zao, na katikati jamaa kanyanyua shoka anataka kupasua njugu na bado hajapasua. Dadd aliuchora miaka karibu tisa akiwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili na hakuumaliza. Nikaweka wimbo sikioni nikasimama pale pale, hata dakika tatu haufiki, na humo ndani Freddie anawataja wale vijitu mmoja mmoja, mimi nawatafuta kwa macho siwapati, wimbo umeisha. Nikarudia mara nne. Mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa.

Mdau:
Mimi niseme ukweli nililala upande mweupe. Cha mwisho cha albamu, Seven Seas of Rhye, ndo kizuri, vingine kelele.

Mleta uzi:
@Mdau hujakosea sana, hata wachambuzi wa wakati ule wengi waliiponda. Lakini hicho cha mwisho ndo kiliwatoa, mwanamuziki David Bowie alikosekana kwenye Top of the Pops, kipindi cha muziki cha TV ya BBC, wakaitwa wao kuziba pengo, wimbo ukafika namba 10 Uingereza na albamu namba 5.

Mzee wa santuri:
Vijana hamjambo. Baba yangu alikuwa nayo LP yake Dar, kava jeusi nyuso nne zimetoka gizani. Sindano ilikuwa inaruka kwenye wimbo wa White Queen, akaweka sarafu ya shilingi juu ya mkono wa sindano kuukandamiza. Mwanangu juzi ananiambia Brian May naye anapiga gitaa kwa sarafu, senti sita ya zamani ya Kiingereza, hatumii kipande cha plastiki. Sahani ninayo, na shilingi ninayo.

Mtembeza wageni, Unguja:
Shikamoo mzee wangu. Hiyo sahani huiuzi?

Mzee wa santuri:
Marahaba. Siuzi. Njoo usikilize.