Venice kwa miguu, mbali na umati: nianzie wapi?

BiNgamiani: Wadau, mwanangu anasoma Padova, na Jumamosi moja atanipeleka Venice, kwa treni ni kama nusu saa. Picha zote ninazotumiwa ni za uwanja wa San Marco, watu wamebanana utadhani mnadani. Sipataki. Nataka mtaa wa zamani niutembee taratibu, kama ninavyokatiza barabara zetu za namba za Tanga jioni, nguo kambani, wazee nje. Goti la kulia linanisumbua. Na baiskeli zinakodishwa? Msinicheke, mie mtu wa Tanga.

Mgosi_Raskazone: Shikamoo bi mkubwa. Baiskeli sahau, mle mjini hata kuikokota ni marufuku.

Nenda eneo la Cannaregio. Ukitoka stesheni ya Santa Lucia shika kushoto, fuata umati mpaka daraja la Guglie. Ukishavuka, waache waende zao, wewe kata kushoto ufuate mfereji. Mbele kidogo, kulia, kuna kichochoro kinachopita chini ya nyumba. Papasa jiwe la pale mlangoni: vile vishimo ndimo zilimokaa bawaba za lango. Tangu 1516 Wayahudi wa mji walilazimishwa kuishi humo, usiku wanafungiwa, mpaka alipokuja Napoleon 1797. Panaitwa Ghetto. Naam, geto hili hili tunalopanga tukiwa makapera. Watu walizidi, ardhi ni ile ile, wakapandisha nyumba juu na dari wakazifupisha. Nilikaa kwenye benchi uwanjani nikahesabu madirisha kwenda juu: saba, nikarudia, nane.

Ila namba za nyumba! Hazifuati mtaa, zinafuata eneo zima, na Cannaregio zinapita 6000. Nimezunguka saa nzima na begi mgongoni, kumbe nyumba ya wageni nimeshaipita mara tatu. Hapo ndipo nilipoikumbuka Barabara ya 8.

Mama_Chumbageni: Bi, kwa goti hilo jihadhari na madaraja, karibu yote ni ngazi. Toka Ghetto ushike Fondamenta della Sensa. Imenyooka kando ya maji, haina kupanda sana. Hapo Campo dei Mori yupo bwana wa jiwe mwenye pua ya chuma. Jirani yake ni kanisa la Madonna dell'Orto, alimozikwa mchoraji Tintoretto. Malizia Fondamente Nove, uone San Michele, kisiwa cha makaburi. Mie nilikumbuka Toten, kisiwa chetu cha Tanga chenye makaburi ya kale, ila wao bado wanazika kule. Ukichoka, boti za abiria ziko hapo hapo.

Mpita_Njia: Mwanao aangalie tarehe mapema. Tangu 2024 kuna siku ambazo mgeni wa kwenda na kurudi hulipia kuingia mjini.

BiNgamiani: Marahaba mgosi, asanteni nyote. Goti likigoma nitabaki kwenye benchi lako, nikuamulie kama ni saba au nane. Baiskeli namwachia jirani, japo breki zake nazijua mwenyewe.