Mwenye nyumba anavutia sigara kwenye mkahawa wangu, nimwambieje?

mama_mahamri: Salaam wanajamvi. Nina mkahawa mdogo huku Kisauni, Mombasa: mahamri, mbaazi za nazi, chai ya maziwa. Mbele pana baraza, juu mabati, ubavuni makuti. Mwenye nyumba, mzee wa kuheshimika, huja kila asubuhi na wenzake wakakaa hapo na sigara mpaka jua lipande. Moshi wote waingia ndani. Mteja wangu mmoja ni mjamzito, siku hizi anatuma mtoto amchukulie chai, yeye haingii. Na msichana anayenisaidia jikoni ana pumu. Nimwambieje mzee bila kumvunjia heshima? Kodi namlipa yeye.

kanzu_nyeupe: Baraza ni nje, dada. Waache wavute.

bahari_tulivu: Nje gani yenye mabati na makuti? Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inagusa hata sehemu ya watu wote iliyozibwa nusu. Anayevuta hapo faini yake ni hadi shilingi 50,000, au jela hadi miezi 6, au vyote viwili. Na tangazo la kukataza ni juu ya mwenye biashara. Umelibandika?

mama_mahamri: Bado.

kichuna: Samahani, hapo kaunta unauza sigara?

mama_mahamri: Nauza, moja moja. Asubuhi zinatoka kuliko mahamri.

kichuna: Na kiberiti cha gesi kimening'inia kwa uzi, sivyo? Basi mzee atashangaa ukimkataza, maana wewe ndiye unayemuuzia na kumwashia! Tena kuuza moja moja ni kosa jingine, sheria hiyo hiyo inataka pakiti isiyopungua sigara 10. Afisa wa afya akipita ataanza na wewe. Ondoa sigara kwanza, watu wazoee kuwa hapo haziuzwi, ndipo ubandike tangazo.

nesi_wa_likoni: Huyo wa pumu asingojee hayo yote. Mpe kazi za uani asubuhi wazee wakiwapo. Na usihangaike na feni, inausambaza moshi tu.

kiko_cha_babu: Mimi mvutaji, nawasemea wenzangu. Kinachoudhi ni kuambiwa mbele ya watu. Mngoje siku ya kumpelekea kodi, akiwa peke yake. Mwamkie, mtajie huyo msichana na kifua chake, faini usiitaje kabisa. Halafu mtengee viti mahali pengine penye kivuli, mbali na mlango, na chai yake imfuate huko. Wazee wanataka gumzo, baraza lako si lazima.

kanzu_nyeupe: Na akipandisha kodi?

bahari_tulivu: Mkataba umeandikwa? Usome kabla hujaenda.

mama_mahamri: Umeandikwa, upo kabatini. Kuna mti wa mkungu ng'ambo ya njia, viti vitatosha. Sigara zilizobaki namrudishia wa duka la jumla leo. Ila kiberiti siondoi jamani, ndicho ninachowashia jiko.