Tshisekedi aliitishia Kigali jukwaani, Goma na Bukavu zikaenda. Mnaomtetea njooni mnijibu

Wakuu, nimesoma mabishano yenu kuhusu Kongo kwa muda mrefu nikinyamaza. Leo nimeshindwa. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mtoto wa Goma. Kwa sasa niko Dar kwa ajili ya kazi, lakini mama yangu amezikwa Goma, na dada zangu wako kule mpaka leo. Kwangu hii siyo mada ya kupotezea jioni.

Nianze na jambo moja ili tusipotezeane muda. Rwanda imeivamia Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika Julai 2024 kwamba wanajeshi wa Rwanda wasiopungua 3,000 hadi 4,000 walikuwa ndani ya Kivu Kaskazini, mkoa wa Goma, pamoja na waasi wa M23. Februari 2025 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2773, likaitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na iondoe majeshi yake mara moja. Mwenye kubisha akabishane na karatasi hizo.

Malalamiko yangu ni kwa mtu mwingine. Ni kwa Rais Félix Tshisekedi, aliyeapa kulinda mipaka ya nchi. Mvamizi tunamjua. Ninachouliza ni mwenye nyumba alifanya nini alipomwona anakuja. Kwa miaka mitatu mfululizo nimemtazama akijibu uvamizi kwa hotuba, na kila hotuba ilipokwisha, ramani yetu ilikuwa imepungua.

Desemba 2023 alikuwa kwenye kampeni. Tarehe 8, pale Bukavu, alimfananisha Rais Kagame wa Rwanda na Hitler. Tarehe 18, siku mbili kabla ya kura, akafunga kampeni Kinshasa kwa kusema kwamba ikitokea chokochoko hata ndogo kutoka Rwanda ataliitisha Bunge limruhusu kutangaza vita. Akasema ana uwezo wa kuipiga Kigali kutokea Goma, na kwamba Kagame ataishia kulala porini. Watu walishangilia mpaka sauti zikawakauka. Lakini siku hiyo anayoyasema hayo, M23 walikuwa wameshaikalia Bunagana tangu tarehe 13 Juni 2022! Mji mzima wa mpakani na forodha yake ulikuwa umekwenda mwaka na nusu. Sasa chokochoko ndogo aliyokuwa akiingoja ni ipi?

Aprili 2024 M23 wakachukua Rubaya, mji wenye machimbo ya koltani, madini ya kutengenezea simu. Bunge halikuitishwa. Na msinielewe vibaya, sikutaka liitishwe. Sijawahi kuomba vita na Rwanda. Ninachosema ni kwamba rais hatishii silaha asiyokuwa nayo, mbele ya adui anayejua fika kwamba hana. Kagame anajua askari wetu wanakula nini na wanalipwa nini. Maneno yale hayakumtisha hata kidogo. Yalimpa cha kuwaonyesha wakubwa wa dunia, kwamba tazameni, huyu anataka kunipiga, mimi najilinda. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Safari hii mdomo ulikuwa Kinshasa na kichwa kilikuwa Goma.

Januari 2025 mnaijua. Tarehe 21 Minova ikaanguka. Tarehe 23 Sake, mji wa mwisho kabla ya Goma. Gavana wetu wa kijeshi, Jenerali Peter Cirimwami, akauawa akiwa mstari wa mbele. Jumapili usiku, tarehe 26, dada yangu mkubwa alinipigia kutoka mtaa wa Majengo, Goma. Umeme hakuna, maji hakuna, watoto amewalaza sakafuni nyuma ya makabati na magodoro ameyasimamisha dirishani. Risasi nazisikia kwenye simu. Alichoniuliza ni hiki: "Rais amesema nini?" Nikafungua redio, nikapekua mitandao, sikuona kitu. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Alikuja kuonekana kwenye televisheni Jumatano usiku, tarehe 29, kuahidi jibu kali. Wakati huo M23 wameshakuwa mjini, na maiti zimelala barabarani. Siku hiyohiyo wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana kwa video kwa ajili ya Goma, na yeye, mwenye msiba, hakuingia kwenye mkutano.

Tarehe 14 Februari M23 walipochukua Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, yeye alikuwa Munich, Ujerumani, kwenye jukwaa la mkutano wa usalama. Siku mbili baadaye Bukavu nzima ilikuwa mikononi mwao.

Najua wapo mtakaosema jeshi lile halisaidiki, rais angefanyaje. Huo ni uongo, na ninao ushahidi ambao Watanzania humu mnaujua kuliko mimi. M23 waliwahi kuichukua Goma tarehe 20 Novemba 2012. Baada ya aibu ile, mkuu wa majeshi ya nchi kavu, Jenerali Gabriel Amisi, alisimamishwa kazi. Wakaja makamanda wengine, akiwemo Kanali Mamadou Ndala, aliyekuwa analala na askari wake mstari wa mbele, na watu wa Goma wakawa wanamkimbilia barabarani kumshika mkono. Ikaja brigedi ya Umoja wa Mataifa ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiwa na amri ya kupigana kweli. Wafadhili wakaikatia Rwanda misaada. Novemba 2013 M23 wakafukuzwa kwenye vilima vya mwisho, Chanzu na Runyoni, wakatangaza wameacha vita. Ni jeshi lilelile la Kongo. Mimi nilikuwepo. Nimewaona wanawake wa soko la Virunga wakitandika vitenge barabarani ili magari ya askari yapite juu yake. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Sasa twende kwenye fedha, maana hapa ndipo ninapochemka. Taasisi ya SIPRI, inayofuatilia matumizi ya kijeshi duniani, ilisema mwaka 2023 matumizi ya Kongo yalipanda kwa asilimia 105 na kufika dola milioni 794. Mwaka ule hakuna nchi nyingine duniani iliyopandisha kwa asilimia kubwa kuliko sisi. Fedha zilitoka. Ziliishia wapi? Askari wa kawaida alikuwa anapata kama dola 100 kwa mwezi, zikifika. Nilikwenda nyumbani kabla Goma haijaanguka. Nyuma ya kambi moja ya jeshi nilimkuta mke wa askari anauza makaa kwa vifungu vidogo, mtoto mgongoni, na nyumba yake ni turubai lililochanika. Mume wake yuko Sake. Aliniambia miezi miwili hajaona mshahara, na mume akipiga simu anaomba atumiwe yeye vocha. Mwambie mtu huyo afe kwa ajili ya nchi.

Halafu Machi 2025, miji mikuu miwili ya mikoa ikiwa imeshakwenda, ndipo serikali ikatangaza kuongeza mishahara ya askari na polisi mara mbili. Kumbe iliwezekana! Na kabla ya hapo, Mei 2021, rais aliiweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi, magavana raia wakatolewa, wakawekwa majenerali, Bunge likawa linaurefusha kila baada ya wiki mbili kama desturi. Chini ya utawala huohuo wa kijeshi ndipo M23 walirudi, Novemba 2021. Kamati ya ulinzi ya Bunge lenyewe ilihoji matumizi ya fedha za operesheni ndani ya miezi michache ya mwanzo. Na Oktoba 2024, Rubaya imekwenda, kambi za wakimbizi zimeizunguka Goma pande zote, rais alikwenda Kisangani kutangaza tume ya kuandika Katiba upya. Katiba! Nchi inamegwa, yeye anawaza Katiba.

Waliokuja kutusaidia nao aliwachezea. Jeshi la Afrika Mashariki liliingia Novemba 2022, Wakenya wakitangulia. Baada ya mwaka mmoja likaambiwa liondoke kwa sababu halipigani. Likaja la SADC Desemba 2023, na hilo likakuta mambo yameshaharibika. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ikahimizwa ifunge kazi, ikatoka Kivu Kusini Juni 2024, na miezi minane baadaye Bukavu ikaanguka. Waafrika Kusini 14 walikufa, Wamalawi watatu, na Watanzania wawili, vijana wenu. Waliobaki walikaa kambini wamezungukwa, mwishowe wakaondoka kwa magari kupitia ardhi ya Rwanda hadi Chato. Mliwapokea ninyi. Sisi wa Goma tuliwatazama wakipita na hatukuwa na la kuwaambia.

Linaloniuma zaidi, na najua Wakongo wenzangu watanishambulia kwa hili, ni habari ya FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walio ndani ya Kongo. Ndani ya kundi lile kuna masalia ya waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Wataalamu haohao wa Umoja wa Mataifa tunaowanukuu tukitaka kuisema Rwanda, wameandika pia kwamba jeshi letu lilishirikiana na FDLR dhidi ya M23. Rais mwenye akili, adui akiwa na kisingizio kimoja tu mkononi, kazi yake ya kwanza ni kumnyang'anya kisingizio hicho. Wetu aliacha kikakua. Wanamgambo wanaoitwa Wazalendo wakagawiwa bunduki bila mshahara na bila kamanda, na mitaani Mtutsi wa Kongo, Mnyamulenge aliyezaliwa Minembwe na babu yake kazaliwa hapohapo, akawa anaitwa adui kwa sura yake. Hawa nao ni raia wake. Kuwalinda hawa kulikuwa sehemu ya kumjibu Kagame, na pengine ndiyo sehemu iliyokuwa rahisi kuliko zote, maana haikuhitaji ndege wala kifaru.

Kisha mazungumzo. Aliapa mara kadhaa kwamba akiwa rais hataketi na M23, ni magaidi. Uhuru Kenyatta akahangaika na mchakato wa Nairobi, Rais João Lourenço wa Angola na wa Luanda, Kinshasa ikabaki palepale. Tarehe 18 Machi 2025 tukamwona Doha, ameketi na Kagame yuleyule aliyemwita Hitler, Amiri wa Qatar katikati. Mwezi uliofuata serikali yake inaongea na M23 hukohuko Doha. Sikatai mazungumzo, ninayataka. Ila angeongea akiwa na Goma mkononi, angekuwa na cha kudai. Ameongea ameshanyang'anywa, kwa hiyo ameongea kama mwombaji, na kilichobaki cha kuweka mezani ni madini, ndiyo maana tukaishia Washington. Desemba 4, 2025 yeye na Kagame wakatia saini makubaliano ya amani mbele ya Trump. Siku sita baadaye M23 wakaingia Uvira, mji wa Kivu Kusini, na watu kwa maelfu wakavuka kukimbilia Burundi.

Kuna ndugu zangu Watanzania mnaoandika kwamba Tshisekedi angefanya kama Mwalimu, aende mpaka ikulu ya mwenzake. Naheshimu mlichofanya Kagera. Lakini kumbukeni mpangilio wake. Amin alivamia Oktoba 1978, Mwalimu akalihutubia taifa tarehe 2 Novemba, na alipotamka kwamba uwezo anao, jeshi lilikuwa tayari linasogea, mgambo wanakusanywa na mabasi ya abiria yanabeba askari. Nchi nzima ililipa gharama ile, mkaibeba kwa miaka. Maneno yalikwenda pamoja na vitendo. Kwetu hotuba ilikuja mwaka mzima kabla, na maandalizi hayakuja kabisa.

Goma ilipochukuliwa, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Dada yangu ni mwalimu. Nikimtumia pesa kwa simu, wakala anamwambia noti hana, au anamkata sehemu kubwa ndipo ampe taslimu, la sivyo avuke mpaka akatafute Gisenyi. Anakwenda kutoa pesa za nduguye katika nchi iliyotuma jeshi kuuchukua mji wake, na akifika pale anapanga foleni na kusema asante.

Kwa mnaomtetea, naomba jibu la swali moja, tena kwa hoja. Machi 2022 M23 walirudi juu ya Chanzu na Runyoni, vilima vilevile tulivyowafukuza 2013. Kila mtu Goma alijua maana yake siku ile. Kwa nini mshahara wa askari haukuongezwa Machi 2022, ukangoja mpaka Machi 2025? Matusi ya ukabila, iwe dhidi ya Watutsi au dhidi yangu, sitayajibu.