Boa: tumtambue kwa alikotoka ama kwa rangi?

Mtambaazi_Njoro: Wadau habari zenu. Nimekuwa nikipitia matangazo ya wafugaji wa boa huko Marekani na Ulaya naona kuna kambi mbili, kuna wale wanamuita nyoka kwa mahali ukoo wake ulitoka, Suriname, Guyana, Hog Island, na hao hawachanganyi damu hata uwalipe. Halafu kuna wa rangi na michoro, zeruzeru, mwenye weusi umepungua, mwenye mgongo wa mistari. Mtu anayeanza kujifunza afuate gani?

Ksm_Milimani: Mahali. Boa wa Hog Island, yaani vile visiwa vya Cayos Cochinos vya Honduras, anabaki mdogo, kama mita moja na nusu, na rangi yake imepauka. Wa Suriname ni mkubwa, mkia mwekundu wa kuiva, mabaka ya mgongoni ni machache na mengi yana ncha zinachomoza kama mabawa ya popo. Tena mtoto wa Suriname ukimshindilia chakula anatapika, lazima uende naye polepole. Sasa zeruzeru itakuambia nini kuhusu hayo?

dada_wa_kenge: Ksm nakuelewa lakini mahali bila rekodi za ukoo ni maneno ya muuzaji tu! Boa wa Colombia waliingia Marekani kwa wingi wakauzwa kama mkia mwekundu na hao ni Boa imperator, sio spishi moja na yule wa Suriname. Na Hog Island ukimpandisha na wa Colombia watoto wengine wanatoka wamepauka vizuri kabisa, ukiangalia kwa macho utajuaje? Inauma kwa sababu wale wa visiwani walikamatwa sana kwa biashara, damu safi ikipotea kwa wafugaji watu watataka kurudi kule kule kukamata wengine.

Mtambaazi_Njoro: Kwani DNA haimalizi hii maneno?

Ksm_Milimani: Inasaidia kwa makundi makubwa. 2016 ndio wakamtenga yule wa magharibi mwa Meksiko kama spishi yake, Boa sigma. Lakini Colombia na Honduras wote ni imperator, hapo unarudi kwa rekodi.

Fundi_Bondo: Na wa rangi wasijidai pia. Kuna zeruzeru wa Kahl na zeruzeru wa Sharp, hayo ni majina ya wafugaji, wote weupe na njano, ukiwaweka pamoja watoto wanazaliwa rangi ya kawaida kabisa manake jeni ni mbili tofauti. Kwa hivyo hata rangi inataka ukoo. Mimi naona hivi, rekodi ipo andika mahali, haipo andika spishi na rangi basi, mahali uache wazi.

dada_wa_kenge: Fundi hapo nakubali. Na mnajua yule boa wa mchanga wetu, Eryx colubrinus, huko nje wanamuita wa Kenya hata kama ukoo wake ni wa Misri au Tanzania? Wengine wanaitwa Dodoma. Na tafadhali mtu asianze kufukua mchanga kumtafuta, kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni makosa.

Mtambaazi_Njoro: Huyo namjua, amejifukia macho tu ndio yako nje. Jike mnene, rangi ya chungwa na mabaka ya kahawia, dume hata nusu yake hafiki. Ukiwaona pamoja unaweza kuapa ni aina mbili.

Fundi_Bondo: Eeh, na hao wametoka shimo moja.